Siku Niliyomshinda Binti Yangu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa baba mjini Columbus tu. Louisville nilikuwa mpangaji wa chumba na sebule huko Highview, mkabala na duka la magodoro ambalo kila mwezi lilitangaza kwamba linafungwa na halikufungwa kamwe. Buffalo, alikoishi binti yangu na mama yake, nilikuwa sauti ya simu, sauti inayouliza "umekula?" na kujibiwa kwa Kiingereza kwamba ndiyo. Lakini Columbus, mara chache kwa mwaka, katika ukumbi wa hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, nilikuwa baba mzima, mwenye mwili, koti na mfuko wa mikate iliyopakwa siagi ya karanga.

Columbus hatukuichagua kwa mapenzi. Tulipoachana, mama yake alihamia Buffalo, Lower West Side, kwa ndugu zake Wakongo waliokuwa wamekwisha kujaza mtaa mzima na nusu ya kanisa. Mimi nilibaki Kentucky na vitabu vyangu. Tulifungua ramani tukatafuta mji ambao kila mmoja angeuona ni mbali kwa kiasi cha kuvumilika, na mji huo ukawa na watu wanaoandaa mashindano ya chesi. Mama yake, ambaye hakuniamini kwa mambo mengi, aliiamini chesi.

"Chesi haina pombe," aliniambia kwenye simu, "na watu wake hawaongei. Humo utafaa."

Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto. Akiwa mdogo, mama yake akiwa zamu ya jioni kwenye ghala la vifurushi, tuliketi kwenye meza ya jikoni Louisville nikamwonyesha jinsi farasi anavyoruka na kwa nini mfalme, pamoja na ukubwa wake wote, hutembea kama mzee mwenye magoti mabovu. Nilikuwa mwalimu mzuri kwa sababu nilikuwa mchezaji wa kawaida. Maisha yangu yote yamekuwa hivyo: nafundisha uandishi wa insha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, na siku nyingine nawakalimania Wakongo hospitalini, ambao huniambia kwa upole kwamba Kiswahili changu ni kizuri sana, ila hawakielewi.

Huku Marekani kila mchezaji wa mashindano hupewa kiwango. Ni namba. Ukishinda inapanda, ukishindwa inashuka. Ukimshinda aliyekuzidi inapanda sana, na aliyeshindwa na mtu wa chini yake anaporomoka mbele ya watu wote, maana namba hizo haziwi siri. Namba yangu ilikuwa imekaa mahali pamoja tangu mtoto akiwa chekechea, kama gari lililotolewa magurudumu. Ya binti yangu ilinipita alipofika miaka kumi na minne, bila hata kupiga honi.

Anatumia mkono wa kushoto. Hilo lilimtia simanzi mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kukaa nasi Louisville kwa muda alipozaliwa mjukuu na muda huo ukawa miaka. Mtoto akishika kijiko kwa kushoto, mama alikihamisha. Hakufoka wala hakumpiga. Alikihamisha tu, mlo kwa mlo, kama mtu anayenyoosha picha iliyopinda ukutani. Mwishowe wawili hao walifikia mapatano ambayo mimi na mke wangu hatukushirikishwa: kuandika na kuchora, kushoto; kula, kulia; na kumpa mtu mzima kitu, au kupokea kutoka kwake, kulia, hata nyumba ikiwaka moto.

"Mkubwa hapewi kwa kushoto," mama alisema, "hata akiwa ameomba kibiriti."

Kisha mama akarudi Tanga, akafia huko, na sisi tukaachana, na mtoto akakua mwanamke mdogo wa Buffalo anayetafuna baga huku anaandika ujumbe kwa mkono mwingine. Nilidhani mapatano yale yalizikwa pamoja na mmoja wa waliotia sahihi.

Mashindano ninayoyasimulia yalikuwa ya vuli ya 2015. Niliondoka Louisville Ijumaa baada ya darasa, nikapita Cincinnati na msongamano wake, nikafika Columbus giza limeingia. Binti yangu aliletwa kutoka Buffalo na mjomba wake, mdogo wa mama yake, ambaye anakaa Kensington-Bailey na hufanya kazi kiwandani, na ambaye alikuwa na ndugu wa kanisa wa kuwatembelea Columbus kila mara ilipohitajika. Mtu huyu hakuwahi kuacha kuniita shemeji. Nilipomwambia safari moja kwamba, kisheria, ushemeji wetu umekwisha, alicheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Dada njo alikuacha," alisema. "Mi sikukuacha."

Jumamosi mchana, kati ya raundi na raundi, tulikwenda watatu kwenye mkahawa wa Wasomali kula wali wa mbuzi. Wasomali hukupa ndizi mbivu kando ya wali, na binti yangu hupenda kuikata vipande na kuichanganya, jambo ambalo mimi hujifanya linanichukiza ili tu aendelee kulifanya. Siku ile hakuigusa ndizi. Aliiviringisha mezani kwa kidole, kisha akaniambia, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake kwenye gari tangu Cleveland, kwamba anadhani hii ndiyo ya mwisho.

"Ya mwisho nini?" niliuliza, ingawa nilikwisha kujua.

Columbus, alisema. Alikuwa amepata mwalimu wa chesi Buffalo. Alikuwa ameanza kazi ya Jumamosi kwenye duka la nguo. Shule ilikuwa imekaza. Na mashindano ya hapa, alisema akiangalia ndizi, hayampandishi tena. Wachezaji ni wale wale.

"Mimi ni mmojawapo wa wale wale," nilisema.

"Baba," alisema. "Si kwamba sitaki kukuona."

Nikasema "sawa," neno ambalo Mswahili hulitumia hasa pale ambapo hakuna kilicho sawa. Nilikuwa na hotuba. Mwalimu wa insha ana hotuba daima. Ningeweza kumwambia kwamba Louisville naamka, nafundisha, nakalimani, nalala, na kwamba vyote hivyo ni mstari wa kusubiri Columbus. Lakini utamwambiaje hivyo msichana wa miaka kumi na sita aliye na kazi dukani? Ni kumfunga jiwe shingoni. Nikala wali. Shemeji akatuangalia mmoja mmoja, akavuta sahani yangu kwake.

"Bon," alisema. "Hii nyama iko ya nani?"

Jumapili mchana, mwamuzi alibandika ukutani karatasi ya raundi ya mwisho. Binti yangu alikuwa hajashindwa na mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimefika karibu na juu kwa njia ambazo haki isingezitambua: mpinzani mmoja alipitiwa na usingizi hotelini, mwingine aliondoka mapema kwa sababu mkewe alishikwa na uchungu. Nilisoma jina langu, nikafuata mstari kwa kidole, na upande wa pili nikakuta jina la binti yangu.

Kwa kawaida waandaaji hawawapangi ndugu wachezeane. Lakini wao huutambua undugu kwa jina la mwisho, na kwetu mtoto hubeba mwishoni jina la kwanza la baba, na baba hubeba mwishoni jina la babu. Mwamuzi alikuwa mgeni, hakutujua. Kwenye karatasi yake mimi na binti yangu hatukuwa na hata herufi ya kutuunganisha. Tulikuwa Waafrika wawili tu kutoka miji miwili tofauti.

Neno moja lingetosha. Ningemgusa mwamuzi bega, nikamwambia yule ni mwanangu, naye angebadilisha. Nilimwangalia binti yangu, aliyesimama mbele ya karatasi ile ile akiwa ameshika mkoba wake. Naye aliniangalia. Hakusema. Mimi sikusema kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu ya mtu anayezama: mchezo wa muda mrefu, saa ya kila mchezaji ikitumika yote, ni mchana mzima. Mchana mzima ameketi mbele yangu, asiweze kuondoka, asiweze kuangalia simu, maana simu ni marufuku. Hakuna hakimu aliyewahi kunipa kitu kama hicho.

Kwa nini yeye hakusema, sikujiuliza. Nilidhani alitaka kuniaga kwa heshima.

Alikuwa na kete nyeusi, na mwenye nyeusi ndiye huchagua saa ikae upande gani. Akaiweka kushoto kwake, kama watu wa mkono wake wanavyofanya, na kama alivyofanya tangu mtoto. Kanuni ni moja: mkono uliosogeza kete ndio ubonyeze saa. Tukapeana mikono kabla ya kuanza. Alinipa wa kulia, na wa kushoto akaushika nao kiwiko. Nilidhani anavuta mkono wa sweta. Ukumbi ule ulikuwa na baridi.

Sikucheza ili nishinde, wala sikucheza ili nishindwe. Nilicheza ili mchezo usiishe. Hii ni mbinu ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Nilisogeza askari wangu wakagotana na wake katikati ya ubao, wakafungana pembe, pakawa hapana pa kupita. Nikarudisha kete zangu nyuma, nikazipanga kama vyombo kabatini. Kila aliponijia upande mmoja, nilifunga mlango. Ilipokuwa si zamu yangu nilimtazama. Ana tabia ya kuuma mdomo wa chini upande mmoja anapofikiri, tabia ya mama yangu akichambua mchele. Nilimtazama kama mtu anayekula akijua chakula hakitaletwa tena.

Yeye alikuwa anataka kushinda. Mchezaji wa chini yako akijifungia ndani ya nyumba, lazima uvunje ukuta, na kutafuta mahali pa kuvunja kunakula muda. Alifikiri sana. Saa yake ilikuwa inaisha na mimi, kwa upumbavu wangu, nilifurahia kila dakika aliyoitumia, maana niliihesabu kuwa yangu.

Katikati ya mchana nilitoka kwenda kunywa maji. Shemeji alikuwa nje ya ukumbi, karibu na birika kubwa la kahawa ya bure, amejaza kikombe chake sukari.

"Shemeji," alininong'oneza, "muko nacheza ama muko nachunga maiti? Hakuna anayekufa, hakuna anayesogea."

"Ndivyo mchezo ulivyo."

"Kwetu drafti, mtu akikaa hivi tunamumwagia maji." Akanywa, akakunja uso. "Sikia. Ule mutoto aliambia mama yake ataleta kikombe ya ushindi. Mama yake alishatoa sahani kwa kabati, aliacha nafasi. Umuache apite."

"Hajaniambia mambo ya kikombe."

"Atakuambia namna gani? Weye ni baba yake."

Nilirudi nikaketi. Sasa nilikuwa na jambo la kuogopa zaidi ya mchezo kuisha. Hii ilikuwa ya mwisho, na mimi nilikuwa naiharibu. Angeniaga akiwa mikono mitupu, arudi Buffalo na safari ndefu ya gari ya kunichukia. Nikafikiri kuhusu sare. Sare ingemtosha kupata kikombe, nilidhani. Au angalau isingemuumiza. Nikasogeza askofu, nikasema kwa sauti ya chini, kama kanuni inavyoruhusu, kwamba naomba sare.

Alikataa kwa kichwa. Kisha akasema, kwa Kiswahili, na nilikuwa sijasikia Kiswahili chake siku nyingi:

"Hapana, baba. Cheza."

Basi nikacheza. Nikafungua mlango. Nilimtoa askari mmoja bure, kwa namna ambayo hata mgeni wa mchezo angeona ni hisani, na binti yangu alikunja uso kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. Akamchukua. Mistari ikafunguka, ngome zake zikaingia ndani ya nyumba yangu, na kila kitu kikaanza kuanguka upande wangu, vizuri, kwa kasi. Niliona njia yote mpaka mwisho: hatua chache tu, mfalme wangu pembeni, yeye na kikombe chake, mimi na barabara ya Cincinnati. Nilikuwa karibu kufurahi.

Ndipo nikaitazama saa yake.

Alikuwa amebakiza kidogo sana. Saa za huku huwa na fadhila: kila zamu inakupa sekunde chache kabla haijaanza kula akiba yako. Mchezaji mwepesi anaweza kuishi muda mrefu ndani ya sekunde hizo, na binti yangu ni mwepesi. Nimemwona akicheza michezo ya haraka na vijana wenzake mezani kwenye korido, mkono wake wa kushoto ukiruka kutoka ubaoni hadi kwenye saa kama kuku anayedonoa.

Lakini huu haukuwa mkono wa kushoto. Alikuwa anasogeza kete kwa mkono wa kulia, kisha anauvusha mkono ule ule mbele ya kifua chake chote, mpaka upande wa kushoto ilikokaa saa, anaibonyeza, anaurudisha. Nikajaribu kukumbuka. Tangu mwanzo. Tangu hatua ya kwanza alikuwa anafanya hivyo, na muda ulipokuwa mwingi hakuna aliyejali, na mimi nilikuwa nautazama mdomo wake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, umekunjwa, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze mbele ya wageni.

Nilidhani ameumia. Kwa sekunde moja nilitafuta bandeji. Kisha nikaiona jikoni ya Louisville, na kijiko, na mama yangu.

Mkubwa hapewi kwa kushoto. Katika mchezo wa chesi hunipi kitu, unaniwekea tu kete mbele yangu. Lakini nani aliwahi kumfafanulia hivyo? Mama hakuacha maelezo kuhusu chesi. Alimwachia kanuni tu, na kanuni, mbele ya uso wangu na katika haraka ile, ilikuwa imeamka na kushika usukani. Msichana huyu asiyenijibu kwa Kiswahili, aliyenitangazia juu ya sahani ya wali kwamba hatakuja tena, alikuwa anapoteza mchezo kwa kunistahi.

"Tumia kushoto," nilisema.

Watu wa meza za jirani waligeuka. Yeye hakuinua macho. Akasogeza ngome, kulia, akavusha mkono, akabonyeza.

Mwamuzi alikuja. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya maktaba. Alininong'oneza kwamba kuzungumza na mpinzani wakati wa mchezo ni marufuku, na kuzungumza kwa lugha ambayo yeye haielewi ni marufuku zaidi, na kwamba nikirudia ataniadhibu kwa kumwongezea mpinzani wangu dakika.

Katika maisha yangu yote sijawahi kuambiwa jambo zuri kama hilo na mtu mwenye mamlaka.

"Mwanangu, tumia kushoto!" nilisema, kwa sauti ambayo mwalimu huitumia kwa walioketi nyuma kabisa. "Kushoto! Nimekuruhusu! Kushoto!"

Ukumbi mzima ukasimamisha shingo. Mwamuzi akanyanyua mkono wake mrefu kuelekea kwenye saa ili aisimamishe, anihukumu, ampe mtoto dakika zake. Ilikuwa zamu ya binti yangu kucheza. Nadhani sauti yangu ndiyo iliyomshtua. Au nadhani alitaka kumaliza kabla hajaona aibu zaidi. Akamsogeza malkia, akavusha mkono, na mkono wa sweta ukaiangusha ngome. Ngome ikabingirika. Kete ukiiangusha wewe, huisimamishi kwa muda wa mwenzako, unaisimamisha kwa muda wako. Akaifuata, kwa mkono wa kulia, akaisimamisha kwenye mraba wake, kwa adabu, akiizungusha kidogo ikae sawa.

Saa ikaonyesha sufuri. Mkono wa mwamuzi ulikuwa bado hewani.

Kwa kanuni za huku mwamuzi hatamki kwamba muda umekwisha. Mpinzani ndiye adai. Sikudai. Nilisogeza mfalme wangu hatua moja bila kungoja abonyeze saa, kama mtu aliyepita kwenye msiba bila kuuona, nikamtazama usoni kwa bidii zote, nikimwomba acheze. Hatua mbili tu zilibaki. Malkia, kisha ngome ile ile, na mfalme wangu alikuwa amekwisha. Mwamuzi alishusha mkono.

Binti yangu aliutazama ubao. Aliona kila nilichoona. Kisha akaitazama saa, akaisimamisha, na kwa hilo alitumia mkono wa kushoto.

"Muda umeniishia," alimwambia mwamuzi kwa Kiingereza.

"Sikudai," nilisema. "Mimi sikudai chochote."

"Umekwisha, baba." Akanyoosha mkono wa kulia juu ya ubao, wa kushoto ukashika kiwiko. "Hongera."

Kiwango changu kilipanda wiki ile kuliko kilivyowahi kupanda. Rafiki mmoja wa chesi wa Louisville, ambaye hakujua lolote, aliniandikia kunipongeza kwa kumwangusha mchezaji hatari. Kikombe kilikwenda kwa bwana mmoja mwenye ndevu.

Kwenye maegesho, shemeji alikuwa anapanga mizigo ndani ya gari na kujifanya hatusikii. Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu kuzunguka magurudumu. Binti yangu alikuwa amelia na kunawa.

"Kwa nini hukutumia kushoto?" niliuliza.

Alifikiri. "Sijui," alisema kwa Kiingereza chake. "Sikuwa nafikiria. Ulikwenda wenyewe."

"Lakini unajua mimi sijali. Nilikwisha kukuruhusu. Mbele ya watu wote."

"Si wewe uliyekataza," alisema. "Bibi ndiye alikataza."

Mwenye kibali amelala Tanga.

"Basi njoo mwezi wa pili," nilisema. "Njoo unirudishie. Tutakaa meza ya pembeni, saa tutaiweka kulia, utanichinja."

"Baba." Sasa alirudi kwenye Kiswahili, na nilitamani asingerudi, kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo na hakina pa kujificha. "Nilikuambia. Siji tena."

Shemeji alifunga buti kwa nguvu isiyohitajika. Alinikumbatia, akanipiga mgongoni.

"Mi nitakuja," alisema. "Huyu mbuzi wa Wasomali, nitamwachia nani?"

Nikawatazama wakiingia barabara ya kaskazini. Kisha nikakaa ndani ya gari langu bila kuliwasha. Nilikuwa nimetamani mchana mzima wa kumtazama mwanangu, nikaupata, na nilichofanya nao ni kumnyang'anya kitu pekee alichokijia. Na ushahidi kwamba bado ni mtoto wangu niliupata hapo hapo, kwa bei yake yeye. Mtu mwenye shahada mbili anapaswa kuwa na neno kwa jambo kama hilo. Nilikula mkate wa siagi ya karanga uliobaki.

Mwezi wa pili nilikwenda Columbus, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiandikisha na kwa sababu binadamu ni mjinga. Hakuwapo. Shemeji naye hakuwapo. Buffalo ilikuwa imefungwa na theluji. Nilishindwa michezo yote isipokuwa mmoja, namba yangu ikarudi nyumbani kwake, nikaagiza wali wa mbuzi nikaacha ndizi.

Nikiwa mkahawani simu ililia. Ulikuwa mwaliko kutoka kwenye ile programu ya chesi ambayo kila mtoto anayo: mchezo wa polepole, ambao kila mmoja hucheza hatua moja na kusubiri, na unaruhusiwa siku kadhaa kwa kila hatua. Jina la mwalikaji nililitambua. Mwishoni mwake lilikuwa jina langu la kwanza. Hakuandika neno, alisogeza askari tu.

Tulicheza majira ya baridi yaliyobaki na kipande cha masika. Ilikuwa ajabu kumpata mtu namna hiyo, mraba mmoja mmoja. Nikiwa koridoni hospitalini, katikati ya mama wa Kikongo na daktari, mfuko ulikuwa ukitetemeka, nami nikajua kwamba Buffalo kuna mtu ametoka darasani akafikiri kuhusu farasi wangu. Nilitamani kumuuliza anacheza kwa mkono gani. Siku moja nilimuuliza.

"Wa kushoto," aliandika. "Hunioni."

Nilisoma hilo mara nyingi kuliko lilivyohitaji, nikawa sijui kama nimepewa kitu au nimenyimwa.

Alinipiga. Alinipiga vizuri, bila haraka, bila kuangusha kitu. Alichukua malkia wangu mwanzoni mwa Machi, kisha ngome, kisha kilichobaki, mpaka nikawa na mfalme na askari mmoja aliyezibwa njia, na yeye akiwa na jeshi zima. Mtu mstaarabu hapo hukubali kushindwa, huandika hongera, akafunga. Lakini hakuna aliyeniahidi mchezo mwingine. Kwa hiyo kila zamu yangu ilipofika, niliziacha siku zangu ziishe karibu zote, mpaka programu inionye kwa rangi nyekundu, ndipo nikamsogeza mfalme mraba mmoja. Zamu iliyofuata nilimrudisha alikotoka.

Mwishowe aliandika, na aliandika kwa Kiswahili:

"Baba umekufa. Kubali."

Nilikuwa kwenye maegesho ya Highview, mbele ya duka la magodoro linalofungwa. Niliutazama ubao ule mdogo, na mfalme wangu pembeni, na kete zake nyeupe zikimjia kutoka kila upande.

"Bado nafikiri," nilimjibu.

Nikaiweka simu mfukoni bila kucheza. Nilikuwa na siku chache.